Mama hakuwa amelewa: namjibu aliyesema kuiga ubongo kwenye kompyuta ni anasa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa wiki mbili zilizopita, yule aliyeandika kwamba vijana wa kusini wanaokaa kwenye kompyuta wakiiga ubongo wanapoteza muda, kwamba sisi watu wa Mtwara na Lindi shida yetu ni salfa ya mikorosho, bei ya korosho na barabara, na mambo ya kuhesabu niuroni tuwaachie wazungu wenye hela zao. Sijamchukia ndugu yangu huyu. Salfa na mimi nainunua, mikorosho ya marehemu mzee ipo Newala na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, hauna dini wala kabila. Ila ile barua nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale kwenye neno anasa nauona mkono wa kulia wa mama yangu, ndo maana nimekaa chini kuandika.

Mi ni fundi umeme. Nimesoma VETA hapahapa Mtwara, nina kibanda changu natengeneza feni, redio, chaja, inveta, chochote kinacholetwa. Mama yangu kazi yake toka nikiwa mdogo ni kubangua korosho, na hela ya hiyo kazi ndo ilinipeleka shule. Kwa msomaji wa huko bara ambaye korosho anaikuta kwenye pakiti nieleze kidogo. Unaikaanga na ganda lake kwenye bati lenye matobo mpaka yale mafuta yake yanashika moto, unaizima kwa mchanga, halafu unakaa na jiwe na kigongo. Mkono wa kushoto unashika korosho kwa ncha za vidole, wa kulia unapiga. Ukipiga kidogo haifunguki, ukizidisha inakuwa vipande, na vipande bei yake siyo ya korosho nzima, na kumbuka kila korosho ina umbo lake na unene wake na ganda lake limeungua kivyake. Mama alikuwa anabangua huku anapiga stori na jirani, haangalii hata mkono, kigongo kinapanda kinashuka, tap, tap, na kwenye ungo zinaanguka nzima tupu. Nilikua nikiona hivo nikidhani ni kitu rahisi, mpaka siku niliyojaribu mwenyewe nikajigonga kidole.

Sasa Novemba mwaka juzi, msimu umechanganya, mabibo yamejaa kila mahali, na anayeujua mkoa huu anajua mabibo yakijaa na uraka, ile pombe ya mabibo, umejaa. Asubuhi moja mama kaamka anatapika, anasema nyumba inazunguka, akisimama anatanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, maneno yanatoka yanaburuzika. Jirani akacheka akasema leo bibi kaonja. Mama yangu ni mtu wa swala tano, hajawahi kuonja hata tone maishani mwake. Tukampeleka kituo kimoja cha afya, jina silitaji, tukaambiwa arudi nyumbani alale mpaka pombe iishe. Nikamwambia yule mhudumu huyu mama hanywi, akaniangalia kwa huruma tu kama mtoto anayemfichia mzazi wake. Tukakaa siku mbili ndani. Siku mbili, Mhariri, mama analia siyo kwa sababu ya kuumwa, analia kwa sababu mtaa mzima unasema kalewa.

Siku ya tatu tukafika hospitali kubwa. Daktari kijana tu, hakuuliza hata habari za pombe, akamwambia mama gusa pua yako halafu gusa kidole changu. Mkono wa kushoto ukaenda ukarudi vizuri. Wa kulia ukaanza safari vizuri, ila kadri unavyokikaribia kidole ndo unavyotetemeka, ukapita pembeni, ukarudi, ukapita tena upande wa pili. Akamwambia tena, ikawa hivohivo. Akasema palepale, mama huyu hajalewa, huyu ana tatizo kwenye ubongo mdogo, upande wa kulia. Nikamuuliza mbona sisi tunajua kiharusi cha upande wa kulia kinapooza kushoto, akasema huo ni ubongo mkubwa, huu mdogo unahudumia upande uleule uliopo. Na akaongeza kitu ambacho ningependa kila mhudumu wa zahanati akijue: pombe nayo inalevya hukohuko kwenye ubongo mdogo, ndo maana mlevi anayumba na mtu mwenye kiharusi cha sehemu hiyo naye anayumba, kwa macho wanafanana. Picha ya kichwa ilipokuja ikaonyesha kiharusi palepale aliposema.

Huo ubongo mdogo upo nyuma, chini, hapa kisogoni juu ya shingo. Kwa ukubwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Lakini ukihesabu niuroni, yaani zile seli za kupeleka habari, mwanadamu ana kama bilioni 86 na kati ya hizo bilioni 69 hivi zipo humo kwenye huo mdogo. Niliposoma hii mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuandika. Sehemu ya moja ya kumi inabeba niuroni nne katika kila tano! Na kazi yake siyo kuamua upige korosho au usipige, hiyo inaamuliwa kwingine, kazi yake ni kuhakikisha pigo linafika panapotakiwa, kwa nguvu inayotakiwa, kwa wakati wake. Vita ya kwanza ya dunia daktari mmoja wa Uingereza, Gordon Holmes, aliwapima askari waliopigwa risasi za kisogoni, na baadaye akaandika habari za mgonjwa wake mmoja aliyemwambia kwamba mkono wake mzima unajiendea wenyewe, ila huu wa upande uliougua lazima aufikirie kila hatua. Nilimsomea mama hiyo habari. Akanyamaza kidogo akasema, huyo ni mimi.

Sasa kompyuta inaingiaje hapa. Mpwa wangu alikuja likizo kutoka chuo, akanikuta kibandani nahangaika na inveta, akaniambia mjomba, hizi saketi zako ndo hizohizo zilizopo kichwani kwa bibi. Nikadhani ananipa moyo tu. Akachukua kipande cha boksi akachora: ngozi ya niuroni ni kapasita, maana inatenganisha chaji za ndani na za nje, pembeni yake kuna betri, ambazo ni chumvi ya sodiamu na potasiamu zilizo nyingi upande mmoja kuliko mwingine, na kila betri ina rezista yake ila siyo rezista ya kawaida, ni mlango unaofunguka na kufunga kufuata volti. Ikitulia ndani kuna kama milivolti 70 hasi. Ukiisukuma kidogo ikafika kiwango fulani mlango wa sodiamu unafunguka haraka, volti inaruka juu, halafu mlango wa potasiamu ambao ni mzito wa kufunguka unaishusha, na hilo ruko moja ndo habari yenyewe inayosafiri. Mi nimeshika kapasita miaka kumi na mbili, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Na unajua hiyo saketi waligundulia wapi? Kwa ngisi. Ngisi ana mshipa mmoja wa fahamu mnene, unaweza kufika milimita moja, mnene kiasi cha kupitisha waya ndani yake. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walipima umeme wa mshipa huo kule Plymouth, mwaka 1952 wakatoa milinganyo yake, na 1963 wakapewa tuzo ya Nobel. Hapa ndo nataka msomaji mwenzangu aliyesema habari za wenye hela anisikilize. Kipindi cha kupiga zile hesabu kompyuta ya Cambridge ilikuwa imezimwa inatengenezwa, kwahiyo Huxley alizipiga kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, hatua kwa hatua, wiki na wiki. Akatoa kwenye hesabu kwamba habari inatakiwa ikimbie mita 18.8 kwa sekunde, wakipima kwenye ngisi mwenyewe wanapata 21.2. Kwa mashine ya mkono! Saivi simu ya mwanafunzi yeyote wa Shangani au Chikongola ina uwezo wa kupiga hesabu ile kwa kufumba na kufumbua, na sisi ngisi tunamla kwa ugali.

Nikataka nione mwenyewe, maana fundi haamini mchoro mpaka apime. Nikachukua rezista kumi na mbili za kilo-om 10, kapasita sita za maikrofaradi 1,000, nikachomelea ngazi: rezista moja inapeleka mbele, nyingine inavujisha kwenda chini, na kapasita pembeni ya hiyo ya kuvujisha, halafu inayofuata hivohivo, vituo sita. Kila kituo nikakihesabu kama kipande cha tawi la niuroni. Mwanzoni nikaweka betri ya volti 9. Kituo cha kwanza mita ikapanda polepole, inapanda, inapanda, ikatulia kwenye 3.4. Cha pili 1.3. Cha tatu nusu volti. Cha sita nikabadilisha mita niweke kipimo kidogo, ikasoma kama 0.04. Vijana wangu wawili wa kibandani walikuwa wameinama hapo hawasemi. Yaani habari inayoingia kwenye ncha ya tawi inafika kwenye shina imechoka na imechelewa, kutegemea inavuja kiasi gani njiani, na ukibadilisha zile za kuvujisha ukaweka kubwa zaidi habari inafika mbali zaidi. Mwanasayansi Wilfrid Rall ndiye aliyeonyesha kwamba niuroni yenye matawi unaweza kuikatakata vipande namna hii ukaihesabu, na mpaka leo ndo wanavyofanya, ila kwenye kompyuta badala ya meza yenye rezista.

Tuje kwenye seli yenyewe ya ubongo mdogo. Inaitwa seli ya Purkinje, kwa jina la Jan Purkyně aliyeieleza mwaka 1837. Ukiiona picha yake huwezi kuisahau. Chukua mbuyu wakati wa kiangazi, umepukutika hauna jani, uubandike ukutani mpaka uwe bapa kama karatasi, ndo seli ya Purkinje. Mibuyu hiyo imejipanga mmoja nyuma ya mwingine, na katikati ya matawi yao zinapita nyuzi nyembamba zimelala sambamba kama nyaya zinavyopita kwenye nguzo. Mbuyu mmoja unapokea nyuzi zaidi ya laki moja za namna hiyo. Zinatoka kwenye seli ndogondogo zinaitwa granyuli, na hizo ndo zinazojaza zile bilioni zote. Halafu kuna uzi mwingine wa peke yake, mmoja tu kwa kila mbuyu, unaopanda unajizungusha kwenye matawi kama mtambaa, unatoka sehemu nyingine kabisa chini ya ubongo. Laki na zaidi upande mmoja, mmoja upande wa pili. Fundi yeyote akiona saketi imefungwa hivyo lazima ajiulize, huyu mmoja ana kazi gani?

Hilo swali lilijibiwa kwa hesabu kabla halijajibiwa kwa kisu, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1969 kijana wa Uingereza, David Marr, hajafika hata miaka 25, akaandika kwamba ule uzi mmoja ni mwalimu. Nyuzi laki moja zinaleta hali ilivyo, mkono upo wapi, kigongo kimefika wapi, na ule mmoja unapiga kelele pale tu palipotakiwa kurekebishwa, na zile nyuzi zilizokuwa zinaongea wakati huo muungano wao na mbuyu unabadilika nguvu. Yeye alisema muungano unaongezeka nguvu. Mwaka 1971 James Albus, mhandisi aliyekuwa NASA, akafika kwenye wazo karibu lilelile kwa njia yake, ila akasema hapana, ili mashine hii ifanye kazi muungano lazima upungue nguvu. Mwaka 1982 Masao Ito na wenzake kule Japani wakapima kwenye sungura, wakakuta unapungua. Angalia hilo. Mtu wa saketi na hesabu alisema kitu ambacho mtu wa maabara alikuja kukiona miaka kumi na moja baadaye. Mpaka leo mabishano yapo, wengine wanaonyesha kujifunza kunatokea sehemu zaidi ya hiyo moja, lakini wanabishana wakiwa wamesimama juu ya mchoro wa Marr na Albus.

Kwanini kupungua? Kwa sababu seli ya Purkinje kazi yake ni kuzuia. Inapiga yenyewe makumi ya mara kwa sekunde hata kama umekaa tu, na kila inapopiga inakandamiza kiini, yaani kifungu cha niuroni kilichopo chini yake, ambacho ndo kinatoa amri nje. Ni breki iliyokanyagwa muda wote. Kujifunza ni kujua lini uiachie na kwa muda gani. Mama alipokuwa anabangua, maelfu ya breki zilikuwa zinaachiwa na kukanyagwa kwa mpangilio uliojengwa kwa miaka thelathini ya kukosea kidogokidogo.

Na lazima iwe hivyo kwa sababu ya muda. Habari ya kwamba kigongo kimekaa vibaya ikitoka mkononi mpaka ubongoni na marekebisho yakarudi mkononi, unaongelea kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kigongo kimeshashuka zamani. Mwenye bodaboda anayesubiri kuliona shimo chini ya tairi ndo akanyage breki ameshaanguka. Kwahiyo ubongo mdogo haungoji, unabashiri: nikitoa amri hii mkono utafika pale, kiwiko kitarushwa hivi, basi nianze kukishika kabla. Maana mkono una viungo vingi na kimoja kikizunguka kinamtupa mwenzake. Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia mama aweke kiwiko juu ya meza ndo ale, na kweli kijiko kikatulia, nikawa sielewi kwanini mpaka nilipoelewa habari za kubashiri: ukikilaza kiwiko umepunguza vitu vya kubashiri.

Nilivyoona saketi naielewa nikapakua programu ya kuiga niuroni inaitwa NEURON, iliyoandikwa na Michael Hines na wenzake, ni ya bure kabisa, haina leseni ya kununua. Laptopu yangu ni ya mtumba ya ramu ya GB 4. Na kuna ghala la modeli, yaani niuroni za kuigiza kwa hesabu, linaitwa ModelDB, lililoanzishwa chuo cha Yale, watu wanaweka modeli walizotengeneza unachukua bure, unafungua, unabadilisha. Ipo ya seli ya Purkinje ya De Schutter na Bower ya mwaka 1994, imekatwa vipande 1,600, kila kipande saketi kama ile ya kwangu ya mezani ila yenye milango ya aina kumi. Laptopu inaunguruma na feni inalia, lakini inakwenda. Nilikaa usiku nikifunga mlango wa kalsiamu kidogokidogo nikiangalia mapigo ya seli yanavyoharibika, na hapo nikaelewa kwanini kuna familia ambazo kuyumba kunarithiwa toka kwa mzazi, maana upo ugonjwa unaitwa SCA6 ambao jeni iliyoharibika ni hiyohiyo ya mlango wa kalsiamu unaojaa kwenye seli za Purkinje. Mlango mmoja! Daktari anayetafuta dawa ya hao watu anaweza kuanzia kwenye modeli akajaribu mia, akapeleka maabara zile tatu zenye dalili nzuri.

Sikuridhika, nikaandika ya kwangu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nikisaidiwa na mpwa. Granyuli 1,000, Purkinje moja, uzi mmoja wa mwalimu, kiini kimoja. Kazi yake: kengele inalia, usubiri robo sekunde, ndo upige. Mara za kwanza haijui kitu. Mwalimu anapiga kelele kila ikikosa. Nikaiacha inazunguka nikaenda kunywa chai, narudi nakuta mstari wa Purkinje unashuka wenyewe kabla kidogo ya ule wakati, yaani breki inaachiwa sawasawa. Nikaita watu! Halafu nikafanya kitu ambacho mkono ulikuwa mzito kukifanya, nikaifuta ile Purkinje. Pigo likatoka mapema, ovyo, kabla ya wakati. Wanasayansi waliofanya majaribio ya kope kwa sungura waliona hichohicho: ukiharibu gamba la ubongo mdogo, ambamo Purkinje zipo, sungura aliyefundishwa kufumba jicho kwa wakati fulani anafumba mapema mno. Nilikaa nikiangalia ile grafu muda mrefu. Kwenye kioo cha laptopu ya mtumba, ndani ya kibanda cha bati hapa Mtwara, nimeona kwanini kigongo cha mama kinatua kwenye kidole.

Ni kweli pia kuna makubwa. Mwaka 2020 Wajapani walitoa kazi yao ya kuiga ubongo mdogo wa ukubwa wa binadamu, niuroni bilioni 68, kwenye kompyuta yao kubwa iliyoitwa K. Sekunde moja ya ubongo ilichukua sekunde 578 kuhesabiwa, karibu dakika kumi. Hiyo siwezi mimi wala mpwa wangu. Lakini ndani yake ni niuroni zilizounganishwa kwa mchoro uleule, zimerudiwa mara nyingi tu.

Kwahiyo ndugu yangu msomaji, ukisema tuwaachie wenye hela mi sikubali, na nitakwambia kinachoniuma. Mama yangu alipoteza siku mbili siyo kwa kukosa mashine. Kidole na pua havinunuliwi. Alipoteza siku mbili kwa sababu kwenye mtaa mzima, na kwenye kile kituo, na mimi mwanae nikiwemo, hakuna aliyekuwa anajua kwamba kuna sehemu ya ubongo ambayo ikiumia mtu anayumba kama mlevi na wala hapoozi. Na mtu hawezi kukijua kitu ambacho kwao kinaitwa cha wazungu. Kijana wa Masasi au Nachingwea anayeiga niuroni kwenye kompyuta ya shule ndo huyo atakayesema bibi yake akiyumba, hebu gusa pua. Mmoja wa wale vijana wangu wa kibandani alishafanya hivyo kwa baba mmoja mpangaji wao, akakuta mkono unapita pembeni, wakamkimbiza hospitali usiku uleule.

Nakuomba Mhariri, ukurasa wako wa afya uandike hizi habari, na uandike kwa lugha hii tunayoongea. Kizunguzungu cha ghafla, kutapika, kuyumba, ulimi kuburuzika, mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama msimu ni wa mabibo. Na walimu wa fizikia wa mikoa hii miwili nawaomba, mnapofundisha kapasita msiishie kwenye redio, chora na niuroni pembeni, inachukua dakika tano ubaoni. Serikali ikitaka kuleta kompyuta zaidi mashuleni tutashukuru, ila hizo zilizopo tayari zinatosha kuanza leo.

Mama anaendelea. Anatembea na fimbo, maneno yamerudi karibu yote. Mwezi uliopita aliomba jiwe na kigongo, nikasita, akanikazia macho nikampa. Saivi anashika korosho kwa mkono wa kulia ule mgonjwa, kiwiko ameegesha gotini, na anapiga kwa wa kushoto ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikia tu. Za kwanza zilikuwa vipande vitupu. Juzi jioni nilihesabu kwenye ungo, katika ishirini zilikuwepo nzima tisa.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nafundisha ile ngazi ya rezista pale kibandani, bure, kuanzia kidato cha pili na kuendelea. Mita ninazo mbili, kapasita za 1,000 nimebakiwa na nne, kwahiyo mwenye redio mbovu aje nayo tutatoa nyingine humo.

Wako msomaji,
Fundi umeme,
Mtwara